Wekundu wa Mlafi

Wiki moja baada ya maziko ya mke wa Dobi, jamaa wa mwisho walipokuwa wakifunga mizigo yao, shemeji yake aliingia chumba cha pasi, akasimama mbele ya dirisha na kuutazama ule mmea wa marehemu dada yake ndani ya ndoo. Akasema bila kugeuka:

"Nakuachia mwaka mmoja, shemeji. Nikija nikikuta anakushinda, namchukua."

"Hawezi kunishinda," Dobi alijibu.

"Wewe miaka tisa unamwita libuyu."

Hilo hakuweza kulikana. Miaka tisa mke wake aliutunza mmea ule, na miaka yote tisa yeye alipita kando yake na rundo la mashati mikononi akiuliza, "Libuyu lako limekula nini leo?" Mke wake alimjibu kwa kirefu: limekula nini, limetoa jani la ngapi, mkia umejikunja upande gani. Lakini kabla jibu halijafika mwisho, Dobi alikuwa ameshafika kwenye pasi na redio imeshafunguliwa.

Ulikuwa mmea wa mitungi. Kila jani lilitoa mkia mwembamba kwenye ncha yake, na mwisho wa mkia ukaning'inia mtungi wenye mdomo, kifuniko na maji tumboni. Nzi au sisimizi aliyetua mdomoni kuramba utamu aliteleza, akatumbukia, na habari yake ikaishia hapo. Kwa tabia hiyo mke wake aliuita Mlafi.

Mlafi alikuwa na pacha. Wale dada wawili walikata vipande viwili kutoka mmea mmoja, siku moja, kwa kisu kimoja. Mkubwa akachukua kimoja, mdogo akachukua kingine. Huyo mdogo alikuwa mkunga katika zahanati, na watu wote walimwita Mkunga, hata wale ambao hakuwazalisha. Wa kwake akauita Mroho.

Kila baada ya miezi mitatu, Jumapili saa nne asubuhi, Mkunga alikuja na mtungi mmoja wa Mroho uliofungwa kwa pamba yenye maji. Dada yake naye alikata mmoja wa Mlafi, wakailaza yote miwili juu ya shuka jeupe kwenye meza ya pasi, karibu na dirisha. Sheria zao zilikuwa kama za mahakama. Taa marufuku, maana taa hudanganya rangi. Mtungi uwe umetimiza siku kumi na nne tangu kifuniko chake kifunguke, si kumi wala si ishirini, kwa sababu mtungi mchanga huwa umepauka na mtungi mzee huwa umeingia kahawia, na kumshindanisha mtoto na mzee ni uonevu. Kisha walianza: mdomo kwa mdomo, tumbo kwa tumbo, chini ya kifuniko kwa chini ya kifuniko. Ingawa walitoka shina moja, Mlafi na Mroho walikaa kwenye madirisha mawili na mikono miwili tofauti, na rangi zao hazikulingana hata siku moja. Mroho alishinda kwa madoadoa. Mlafi alishinda kwa wekundu, uliokolea kuanzia mdomoni hadi mkiani, mpaka watu waliopita nje walisimama dirishani kuuliza kile ni nini.

"Watu wengine wanashindanisha magari," Dobi aliwatania. "Ninyi vibuyu."

"Na wewe je?" mke wake alimrudishia. "Si unaniita kutoka jikoni nije nione kola ya shati!"

Sasa alibaki yeye na kola zake. Nguo za mke wake zilikuwa zimekunjwa, kikombe chake kilikuwa kimekauka kabatini, na kila alichokigusa marehemu kilikuwa kimesimama palepale alipokiacha. Mlafi peke yake ndiye aliyekuwa akiendelea. Asubuhi Dobi alikuta jani jipya lililojiviringa kama karatasi, na baada ya siku chache lilikuwa limefunguka. Kwa hiyo aliposema hawezi kumshinda, hakuwa akijigamba. Hakuona namna ya kuishi katika nyumba ile iwapo na huyo naye angebebwa.

Alijitahidi kwa yale machache aliyoyajua. Maji yawe ya mvua tu: hilo alilikumbuka kwa sababu aliwahi kugombezwa kwa kuyachota kwa ndoo ya kufulia. Mbolea asipewe. Jiki isimwagwe karibu. Mvuke wa pasi ulimfaa, maana ulikuwa ukipanda hadi dirishani na Mlafi akitoa majani mapana kama viganja vya mtu mzima. Kitu kimoja tu Dobi hakukiweza, nacho ni kukata. Hata jani lililokauka hakulitoa. Lile lilitoka wakati mke wake yupo, alilipangusa kwa mkono wake, nani alikate?

Miezi minne ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, na mara moja Mkunga alipopita kumjulia hali alitazama mitungi, akaguna, akaondoka. Kuguna kwa Mkunga kulikuwa sifa. Baadaye zamu zake za zahanati zikawa nyingi na akawa anapiga simu tu.

Mwezi wa tano Mlafi alianza kurefuka. Shina likainuka kutoka kwenye ndoo, likaegemea bomba la kutundikia nguo, na majani yakajishikiza kwa mikia yao kama mtu anayepanda ngazi. Dobi akafurahi, akamwachia nusu ya bomba. Kisha huko juu ukafunguka mtungi mpya, nao ulikuwa wa kijani.

Alijiambia bado mchanga. Akahesabu siku kumi na nne, akaweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya kumi na nne ulikuwa wa kijani. Siku ya ishirini, kijani cha kuelekea njano, mfano wa mtu aliyetoka homani. Ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu, yote vilevile, myembamba chini kama faneli. Na ile mitungi ya chini, myekundu, mmoja mmoja ilizeeka ikawa kahawia na kukauka, kama mitungi yote ifanyavyo.

Alijaribu kila alichoweza. Akasogeza ndoo kwenye mwanga zaidi. Akaacha kutumia jiki kabisa, na wateja wawili wakalalamika kwamba mashuka yao hayang'ai. Alifungua dirisha, akalifunga. Siku nyingine, pasi ikiwa inapoa, alizima redio akajaribu kukumbuka mke wake alikuwa akisema nini kuhusu rangi, na alichokumbuka kilikuwa sauti tu, ikipanda na kushuka, bila neno hata moja. Hilo lilimuuma kuliko kijani chenyewe.

Ijumaa ya wiki ya mwisho ya mwaka aliopewa, Mkunga akapiga simu.

"Jumapili, saa nne. Tushindanishe kama kawaida. Una mtungi wa siku kumi na nne?"

"Upo."

"Mwekundu?"

"Kwani Mlafi ana rangi gani?" Dobi alisema, na simu ilipokatika akaketi juu ya furushi la nguo chafu.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi ambaye wateja walimlipa nusu kwa kunyolewa na nusu kwa kuchekeshwa. Alikuja kuchukua mataulo yake akamkuta bado ameketi palepale.

"Umefiwa tena?"

Dobi akamweleza. Kinyozi akautazama mtungi wa kijani, akatikisa kifuniko chake kwa kidole.

"Kwa hiyo kilichobadilika ni rangi tu? Mwenyewe mzima?"

"Sijui kama mzima. Ndiyo hofu yangu."

"Sikiliza. Mimi kila Ijumaa naletewa mzee kichwa cheupe kama pamba. Nampaka dawa, nusu saa, anatoka kijana. Jumamosi anaoa. Na wewe si fundi wa rangi? Suruali yangu ya harusi uliichovya mwenyewe!"

"Ile ilikuwa kitambaa."

"Na huyu ni jani. Jani na kitambaa ni mtu na binamu yake."

Mfa maji haachi kutapatapa. Jumamosi mchana Dobi alifunga mlango wa mbele, akakata mtungi mmoja wa kijani, huku akiomba radhi kwa sauti, na akatoa kopo la rangi nyekundu iliyokolea, ile aliyotumia kufufua mapazia yaliyopauka. Akaipaka kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti: mdomo kwanza, mstari kwa mstari, kisha tumbo, kisha chini ya kifuniko. Akaupitisha juu ya mvuke ili rangi ishike, kama afanyavyo kwa nguo, akauacha ukauke. Kazi ilitoka safi. Ilitoka safi mno, kwa sababu alipogeuka kutoka kunawa mikono na kuuona pale mezani umelala kwenye mwanga wa dirisha, mwekundu, kwa kitambo kifupi alidhani mwenye mitungi yuko chumba cha pili anatafuta shuka. Ndipo akaona aibu. Lakini hakuuosha.

Jumapili saa nne kasorobo Mkunga alibisha hodi. Alivaa miwani yake ya kusomea na viatu vya kazi, kama mtu aliyekuja kuzalisha.

"Shikamoo, shemeji." Alikuwa mdogo kwa Dobi kwa miaka kumi na hakuisahau heshima hata alipokuja kwa shari.

"Marahaba. Karibu."

"Vidole vimekuwaje?"

Dobi akavitazama. Kucha zilikuwa nyekundu kama za bibi harusi. "Mapazia ya mteja."

"Na Mlafi yuko wapi?"

"Nyuma ya makoti hayo. Namkinga na jua."

Makoti yalikuwa manane, yametundikwa kwenye bomba moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa na haja ya kuwa pale. Mkunga aliyatazama. Akatandaza shuka, akafungua pamba yake, akalaza mtungi wa Mroho mwenye madoadoa. Dobi akaleta wake kwa mikono miwili, akaulaza kando.

Mkunga aliinama. Muda ukapita. Nje mtu alipita na baiskeli ikilia kengele.

"Ameiva," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imelegea. "Jamani, ameiva kuliko hata enzi za dada. Na mimi nilikuja na maneno yangu tayari." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nisamehe, shemeji. Nilidhani ungemuua."

Kama Mkunga angeishia hapo, pengine uongo ungepita na yeye angeubeba mpaka kaburini. Lakini mkunga ni mtu wa kupangusa. Hapokei kitu bila kukipangusa. Alichukua kipande cha pamba yenye maji akafuta mdomo wa mtungi kuondoa vumbi.

Pamba ikawa nyekundu.

Akafuta tena. Tone moja la rangi ya damu ya mzee likaanguka kwenye shuka jeupe, likatanuka taratibu mpaka likawa duara la waridi.

"Shemeji."

"Naam."

"Mtungi unachuja."

Miaka thelathini Dobi alikuwa na kibao ukutani kilichowaonya wateja wasichanganye nguo nyekundu na nyeupe. Miaka thelathini hakutoa nguo iliyochovywa bila kuisuuza mara tatu, ikatoka maji meupe. Na siku ile moja iliyokuwa na maana kuliko zote alisahau kusuuza.

"Umempaka rangi," Mkunga alisema polepole, kana kwamba anamweleza mtu mwingine. "Amempaka rangi! Kama pazia!"

"Mchukue," Dobi alisema. Alikuwa amesimama, mikono imening'inia. "Mchukue tu, shemeji. Amekuwa kijani. Tangu mwezi wa tano anatoa ya kijani, ile myekundu yote imekufa. Nimebadilisha maji, nimeacha jiki, nimemsogeza huku na huku. Dada yako alikuwa ananiambia la kufanya kila siku, miaka tisa, na mimi sikusikiliza. Sasa hakuna wa kumuuliza. Niliogopa ukimchukua humu ndani hakutabaki kitu kinachopumua. Lakini heri akapumue kwako kuliko kufia kwangu."

Mkunga alikwenda kwenye bomba akaanza kushusha makoti, moja, mawili, yote manane, akayarundika juu ya meza bila kujali pasi ilikuwa imeyalaza vipi. Kisha akainua uso.

Mlafi alikuwa amefika dari. Mikia yake ilikuwa imezunguka bomba mara mbili mbili, na kutoka kwenye kila mzunguko ulining'inia mtungi wa kijani, sita kwa jumla, yote ikimulikwa na dirisha kwa nyuma.

"Lete kigoda," Mkunga alisema.

Akapanda. Akageuza mtungi mmoja kwa vidole viwili, akauchungulia mbele, akauchungulia nyuma. Alipouliza, aliuliza kama anavyowauliza wajawazito, bila haraka.

"Alianza kurefuka lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na kijani kilianza?"

"Hukohuko. Mtungi wa kwanza wa juu."

"Umemkata mara ngapi tangu dada afariki?"

"Kumkata? Mimi? Hata majani makavu sijayagusa. Jana ndiyo mara ya kwanza, na niliona dhambi."

Mkunga akashuka. Aliketi palepale kwenye kigoda, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kumtikisika. Dobi alidhani analia, akatafuta taulo. Alipomwinamia ndipo alipoona kwamba anacheka, na machozi yanamtoka, na vyote viwili vimechanganyika hata mwenyewe hawezi kuvitenganisha.

"Haumwi, shemeji! Amekomaa! Hii ndiyo mitungi ya juu!"

"Ya juu vipi?"

"Mmea huu una mitungi ya namna mbili. Akiwa mdogo, yuko chini, anatoa mifupi, minene, myekundu. Akikomaa akapanda, anatoa mingine. Myembamba, ya kijani. Tazama." Akamvuta mkono, akamsimamisha yeye juu ya kigoda. "Ile ya chini ilikuwa na mabawa mawili mbele, yenye vinyweleo. Hapa yako wapi? Imebaki mistari tu. Na mkia umeungia upande gani?"

Dobi akatazama, safari hii kweli. "Nyuma."

"Nyuma! Amegeuka. Dada alisema akipanda atageuka, mkia utakuja mgongoni. Alikuwa anaisubiri hii. Hospitalini, wiki ile ya mwisho, aliniambia kitu ambacho hakukiona ni Mlafi akipanda."

"Miaka tisa hakupanda?"

"Angepandaje? Kila akirefuka, mtu anakuja, 'Mama, nipe kipande nami nikapande,' na dada hajui kumnyima mtu. Kata, kata. Na mimi wangu nilikuwa namkata kila mwaka ili abaki mwekundu, nishinde." Akapiga paja lake. "Sote tulikuwa na visu. Wewe peke yako hukuwa nacho."

Dobi alibaki juu ya kigoda. Alitaka kuamini, lakini mwaka mzima wa hofu haumwachi mtu kwa neno moja.

"Usije ukawa unanifariji tu."

"Mimi? Nimekuja hapa na gunia la kumbebea!" Kisha akapiga magoti mbele ya ndoo na kuyatenganisha majani makavu ambayo hayakuwahi kuguswa. "Shuka uone. Mgonjwa hachipui."

Chini kabisa, pale shina linapotoka kwenye udongo, palikuwa na chipukizi la majani manne, dogo kuliko kiganja cha mtoto. Kwenye ncha ya jani moja palining'inia kimtungi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa. Kilikuwa chekundu.

Miezi saba Dobi alikuwa akitazama juu.

Alihisi kwamba kifua chake, ambacho kwa mwaka mzima kilikuwa kama nguo iliyokamuliwa, kimeachiwa. Akaketi sakafuni kando ya ndoo, na Mkunga akaketi upande wa pili, na kwa muda walikuwa watu wazima wawili wameketi chini, wakipenga kwa mataulo ya kinyozi.

"Haya," Mkunga alisema mwishowe. "Saa nne imepita, lakini mwanga bado upo. Nikatie mmoja wa kweli."

"Nikate tena?"

"Mmoja tu. Hajaumbwa kwa karatasi."

Dobi akakata mwingine uliotimiza siku kumi na nne. Walibadilisha shuka. Mkunga alimwaga maji na nzi waliokuwemo, akaulaza kando ya mtungi wa Mroho, na wote wawili wakainama. Ukiutazama kwa mbali ulikuwa wa kijani basi. Kwa karibu ulikuwa kijani cha jani lililochipua asubuhi ileile, na mdomoni palikuwa na mistari myembamba ya wekundu, ming'avu, iliyopangana kama mshono wa mkono. Mkunga aliuinua kwenye dirisha, na mwanga ulipopita ndani, tumbo lote likaonyesha madoa ya rangi ya zambarau ambayo kwa nje hayakuonekana.

"Madoadoa!" alisema. "Kaninyang'anya na madoadoa!"

"Nani kashinda?"

"Usiniulize upuuzi."

"Sheria ni sheria. Sema."

"Kashinda Mlafi," Mkunga alisema kwa kununa, kama alivyokuwa akisema kwa dada yake. "Na sitamkata tena Mroho. Nitamtafutia bomba."

"Na Mlafi?"

Mkunga alikuwa anakunja lile shuka lenye doa la waridi. Alimtazama shemeji yake juu ya miwani.

"Mlafi anakwenda wapi? Amejifunga kwenye bomba mara kumi na mbili. Nikitaka kumtoa nibomoe nyumba."

Dobi akacheka. Tangu Ijumaa chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Alikuwa akipika na kufunika sufuria tena. Sasa alisimama, akajipangusa vumbi la sakafuni, akatega sikio kuelekea tumboni mwake kama mtu aliyesikia hodi.

"Shemeji," alisema, "mimi nina njaa."

"Basi injika chai," Mkunga alimwambia, akiwa tayari amepanda kigoda kuhesabu mitungi upya. "Na redio usifungue. Nina mengi ya kukueleza."

"Sifungui," alisema Dobi kutoka jikoni. "Anza tu, nakusikia."